Mbio Zangu, Mguu Wangu na Mama Aliyeniuguza

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo hamjambo. Mimi naitwa Leokadia, mzaliwa wa Nyabiyonza, mwalimu wa chuo kikuu. Huu mguu wa kulia mnaouona ndani ya kiatu sikuzaliwa nao. Nimeombwa nije hapa wodini niwaeleze nilivyopoteza ule wa kwanza na nilivyopona, kwa sababu wapo humu waliokatwa mguu juzijuzi na hawataki kumtazama mtu. Nawaelewa. Mimi niligeukia ukuta mpaka nyufa zake nikazijua zote. Nitasema yote, hata yanayonuka. Na nitasema habari za mama yangu, maana bila yeye sina ushuhuda wa kutoa.

Baba yangu alikuwa karani wa kupima kahawa pale kijijini. Alikuwa na pikipiki ya kuzungukia vituo vya kununulia. Vita vilipoanza mwaka ule wa sabini na nane, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mafuta yakaadimika. Hata vita vilipokwisha, mafuta hayakurudi upesi. Basi baba akawa anaisukuma ile pikipiki hadi mgongoni mwa kilima, kisha anateremka nayo injini ikiwa imezimwa, kimya kabisa, upepo tu masikioni. Alianza kunipakia mbele yake kwenye tangi. Baadaye akaniachia usukani, yeye akawa nyuma. Siku moja nikageuka kumwuliza jambo, kumbe alikuwa ameshashuka zamani, anacheka kule juu. Kwa hiyo mimi nilijua kuendesha pikipiki kabla sijajua kuiwasha.

Mama alikuwa akisimama pembeni mwa kibanja, katikati ya migomba, mikono kichwani.

"Mwana wange, utavunjika!"

"Mwache," baba anamjibu. "Huyu anaijulia."

Mama yangu aliitwa Paskazia. Alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa. Alipenda usafi kuliko kitu chochote. Tulikuwa tukienda kulala miguu imesuguliwa kwa jiwe mpaka inang'aa.

Nilisoma, nikafaulu, nikaenda chuo kikuu Morogoro kusomea kilimo. Nilipomaliza wakanibakiza nifundishe huku nikiendelea na shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulikuwa juu ya fukusi wa migomba, yule mdudu mweusi anayetoboa kisiki mpaka mgomba unaanguka na ndizi zake. Nikachagua kuufanya huku kwetu, Nyabiyonza na Ihanda. Unakata kipande cha gogo la mgomba, unakilaza upande uliokatwa ukiwa chini, fukusi wanajificha humo, asubuhi unakifunua na kuwahesabu. Vibanja vyangu vilikuwa vimetawanyika milimani. Bila pikipiki nisingeweza. Nikanunua moja iliyotumika, ile aina ndefu yenye tairi za meno, ya kupita kwenye matope na mawe.

Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, miradi ilikuwa imewapa pikipiki wanawake wengi wa kazi za vijijini. Walikuwapo mabibi shamba, na manesi wa chanjo. Tulikuwa tukikutana kwa fundi pale Omurushaka, kila mmoja na ubovu wake. Ndipo nilipomjua Jaseline, nesi wa upande wa Kyerwa, mfupi, mcheshi, anayefunga sanduku la chanjo kwenye kiti na kupanda milima ambayo wanaume walikuwa wakizunguka. Wanaume walikuwa na mbio zao za milimani baada ya msimu wa kahawa. Siku moja mmoja wao akasema pale kwa fundi kwamba mwanamke anaweza kuendesha pikipiki ila hawezi kushindana nayo. Jaseline akaweka soda yake chini.

"Njia ni hiyo hiyo yenu," akasema. "Tutapita sisi wenyewe, mtusubiri mwisho mtuhesabu."

Hivyo ndivyo mbio zetu za wanawake zilivyoanza. Tulianzia kwenye uwanja wa malisho, tunateremka bondeni kwenye mafunjo, tunavuka maji, tunapanda mawe upande wa pili. Ukifika juu mikono imekufa ganzi, mchanga uko kwenye meno, mapaja yanatetemeka. Niliwahi kushinda, Jaseline naye akashinda zaidi yangu. Tukaanza kualikwa Bukoba, tukaalikwa hadi Mbarara ng'ambo ya mpaka. Watu walijaa kutuona. Wasichana wa shule walikimbia pembeni ya njia wakipiga vigelegele.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Morogoro ni mbali. Nilisahihisha mitihani kwenye meli ya kutoka Mwanza, karatasi zimekandamizwa kwa helmeti zisipeperuke. Nilifundisha nikiwa na kiwiko kilichochubuka hadi nyama, nashika chaki kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi wakaniita Mama Vumbi. Mkuu wa idara yetu, mzee mkali lakini wa haki, aliniita ofisini.

"Leokadia, una akili. Lakini unazigawa. Unataka kuwa mwalimu wa chuo au unataka kuwa wa kupigiwa makofi?"

"Mzee, ile pikipiki ndiyo inayonifikisha kwenye migomba yangu."

"Na Mbarara kuna migomba yako?"

Akaguna, akanisainia ruhusa. Alichotaka ni tasnifu, nami nilikuwa nakusudia kumpa. Nilikuwa kijana mwenye afya, naona kila kitu kinatoshea kwenye siku moja.

Siku niliyoanguka ilikuwa Jumamosi, kiangazi, vumbi jekundu. Mbio zilikuwa upande wa Kyerwa. Jaseline alikuwa mbele, mimi namfuata kwa karibu kiasi cha kula vumbi lake. Tulikuwa tunateremka mahali penye mawe ya kubingirika. Mara ndama akatoka kwenye vichaka, akasimama katikati ya njia akinitazama. Nikamkwepa. Tairi la mbele likaingia kwenye ufa wa ardhi uliochimbwa na mvua za nyuma. Nakumbuka nilivyoruka, nakumbuka nilivyotua, nakumbuka pikipiki ikija juu yangu. Haikunigonga kichwani. Ilitua kwenye mguu wangu wa kulia, ukiwa umelala juu ya jiwe.

Sauti yake ilikuwa kama mtu anavunja kuni mbichi.

Nilipotazama, kiatu kilikuwa kinaelekea nyuma. Mfupa wa ugoko ulikuwa umetoka nje ya suruali, mweupe, umejaa mchanga. Eksosi ya moto ilikuwa imenigandia kwenye shavu la mguu, nikasikia harufu ya nyama ikiungua, na kwa muda sikuelewa kwamba ni yangu. Uchungu ulichelewa kidogo. Ulipofika nililia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Jaseline hakusikia kishindo. Aliona tu kwamba vumbi nyuma yake halina mtu. Aligeuza pikipiki, akaacha mbio alizokuwa anaziongoza, akapanda tena ule mteremko. Akainua ile pikipiki kutoka juu yangu, sijui kwa nguvu gani. Akafungua kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akanifunga juu ya goti akikaza kwa kijiti.

"Nitazame mimi," akasema. "Usitazame huko chini. Mimi ni nesi, nimeona mabaya kuliko haya."

Baadaye aliniambia kwamba hakuwa ameona mabaya kuliko yale.

Wanaume wa kijiji cha karibu walikuja na engozi, ile machela yetu ya kusuka inayobebwa mabegani. Walinipandisha mlima wakipokezana, wakiimba polepole ili hatua zao zilingane. Barabarani tulipata gari la kubebea ndizi. Kila shimo lilinifanya nitapike. Nilifika katika hospitali ya misheni midomo imekauka na vidole vya mguu vimekuwa vya baridi.

Daktari mkuu alikuwa mzee mpole, mtu wa Muleba. Alinisafisha akiwa amenilaza kwa dawa, akatoa mchanga, akatoa na vipande vya mfupa. Nilikuwa nimepoteza damu nyingi. Miaka ile watu huku kwetu walikuwa wakizikana kila wiki kwa ule ugonjwa wa kukonda, na kuongezewa damu kulitisha kuliko kisu. Daktari akasema atapokea damu ya watu tunaowajua tu, tena baada ya kuipima. Jaseline akatoa. Baba akatoa. Mama, aliyekuwa amefika kwa miguu na lifti za baiskeli, akanyoosha mkono naye.

Mama hakutoa. Walisema damu yake ni ndogo, ale majani na maharage. Mimi sikulijua hilo wakati ule. Nilikuwa nimelala.

Mguu ukafungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita mhogo, wakaacha kidirisha cha kusafishia kidonda. Nikaambiwa nikae kitandani. Mama akatandika mkeka chini ya kitanda changu, akahamia pale. Wengi wenu mnajua maisha hayo, mgonjwa juu, anayeuguza chini. Asubuhi anakunja mkeka kabla daktari hajapita, anakwenda kupanga foleni ya maji, anapika uji kwenye mafiga nyuma ya wodi, anarudi kunisafisha. Alinishikia chombo cha haja, mimi mtu mzima, mwalimu wa chuo. Nilikuwa nafumba macho kwa aibu.

"Unafumba nini?" anasema. "Nani aliyekuwa akikufanyia haya zamani?"

Mwanzoni nilijipa moyo. Niliomba niletewe vitabu. Niliandika sura ya kwanza ya tasnifu nikiwa nimeegemea mto, karatasi tumboni. Niliwaambia wenzangu wodini kwamba msimu ujao nitakuwa milimani.

Kisha homa ikaanza. Nilitetemeka mpaka kitanda kinapiga kelele, baadaye natoka jasho shuka linakamuliwa. Ile plasta ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu tamu, nzito, kama ya panya aliyefia ukutani. Nzi walijua kabla ya madaktari. Walipofungua kidirisha usaha ulitoka wa kijani, ukiwa na vipande vidogo vyeusi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifunika pua, kisha wakaona haya, wakajifunua. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba walikuwa watu wema wakijilazimisha kuvumilia harufu yangu.

Daktari alinipeleka chumba cha upasuaji akakwangua mfupa. Nikapata nafuu kidogo. Homa ikarudi. Akakwangua tena. Nilikonda mpaka pete ikadondoka kidoleni. Nywele zilitoka kwenye kitana mafungu mafungu. Nilikuwa nikisikia pikipiki ya Jaseline ikiingia uani mwa hospitali, nakasirika, si kwa ajili yake, kwa ile sauti tu.

Asubuhi moja daktari alikuja peke yake, bila manesi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Binti yangu, mfupa umeoza ndani kwa ndani. Nimejaribu ninachokijua. Nikiendelea kuungoja, sumu itaingia kwenye damu, na hapo sitakuwa na cha kuokoa. Inabidi tuukate, chini ya goti."

"Basi nikate na kichwa," nikamwambia. "Nitakwenda wapi bila mguu? Nitasimamaje mbele ya wanafunzi? Nitapandaje milima?"

Hakunikasirikia. Akamtazama mama. Mama akasema, "Daktari, tuachie kidogo."

Alipoondoka mama alikaa palepale alipokuwa ameketi daktari. Akaweka mkono wake kwenye vidole vya mguu wangu mbovu, vilivyokuwa vimevimba na kuwa vya zambarau.

"Huu mguu niliuzaa mimi," akasema. "Niliupaka samli mimi. Nimeutoa funza mimi. Unadhani hauniumi? Lakini mimi nataka mtoto, sitaki mguu. Wakiniambia nichague, mbona nimeshachagua."

Nililia, naye akalia, kisha akanipangusa kamasi kwa kanga yake kama mtoto. Nikamwita daktari nikamwambia akate.

Nilipozinduka nilijiona mwepesi upande mmoja. Shuka lilikuwa limelala bapa pale palipokuwa na mguu. Kwa siku nyingi vidole ambavyo havipo viliniwasha, nikawa naomba nikunwe. Mama hakusema "mguu haupo." Aliinama, akakuna godoro pale nilipoonyesha, akaniuliza, "Hapa? Au chini kidogo?" Na jamani, ilisaidia.

Kidonda kikaanza kufunga. Homa ikakatika. Nikala ebitoke, ndizi zetu za kupika, nikasikia utamu wake tena. Nilianza kujifunza magongo kwenye veranda, naanguka, nainuka. Mama alikuwa nyuma yangu kunidaka. Wakati huo niliona kwamba ananidaka kwa mkono wa kushoto. Kuninyanyua, kushoto. Kunimwagia maji, kushoto.

"Mkono wa kulia una nini, mama?"

"Nimeulalia."

Nikaamini. Alikuwa akilala kwenye sakafu kwa miezi, nani asingeulalia mkono?

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, Jaseline alikuwa akija Nyabiyonza kila alipopata nafasi kunisafisha kigutu na kubadilisha bandeji. Siku moja alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mama akaja kumletea chai. Jaseline akainua macho kuipokea. Akaona gauni la mama, upande wa kulia wa kifua, limelowa doa dogo la manjano.

"Mama, hiki ni nini?"

"Jasho, mwanangu. Natoka jikoni."

Jaseline aliweka chai chini. Akasimama, akamshika mama mkono taratibu, wakaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia mama akisema hapana, hapana. Jaseline alipotoka hakuja kwangu moja kwa moja. Alikwenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu sana. Halafu akaketi karibu yangu.

"Leokadia, mama ana donda kwenye titi. Ni kubwa. Amelifunga kwa vitambaa na majani. Na kwapani kuna vivimbe. Ni la siku nyingi."

Tulimrudisha katika hospitali ile ile. Safari hii mimi nilikuwa ninatembea kwa magongo na yeye ndiye amelala. Daktari alimpima, akamfunika vizuri, akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Mama Leokadia, ulilala hapa wodini kwangu muda wote ule. Kila asubuhi tulisalimiana. Kwa nini hukuniambia?"

Mama akamjibu, "Ulikuwa na kazi ya mwanangu."

Yule mzee alivuta kiti cha wagonjwa akakikalia.

Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya damu yake ndogo. Nilimlilia. Nilimwambia mimi ndiye niliyemmaliza kwa kumlaza chini kwenye saruji. Mama alinikatiza kwa ukali ambao sikuuona kwake tangu utotoni.

"Nyamaza. Nililijua kabla hujaanguka. Lilikuwa kama kokwa ya kahawa. Niliona aibu kumwonyesha mwanamume titi langu, nikasema nitangoja. Ulipoumia nikashukuru, kwa sababu nilipata cha kufanya nisilifikirie. Usinichukulie jambo langu ukalifanya lako."

Daktari alisema ni saratani na imeshaenea, kisu hakitasaidia. Tukamrudisha nyumbani.

Basi nikamuuguza mama. Mwenye mguu mmoja anamwuguza anayekufa. Nilijifunza kubeba beseni la maji kwa kulisukuma sakafuni kwa gongo. Nilimsafisha donda, lililokuwa limefunguka kama ua, na harufu yake niliijua, ilikuwa ndugu wa ile yangu. Sikujifunika pua. Nilimpaka samli kwenye miguu kwa sababu alipenda miguu safi. Baba alikuwa anakaa mlangoni, anamsimulia habari za kahawa, bei, mvua, nani kauza na nani kakataa, hadithi zisizo na mwisho, kwa kuwa mama alikuwa akisinzia kwa sauti yake.

Katikati ya hayo ukaja ujumbe kutoka chuoni. Nafasi yangu isingeweza kuningoja zaidi ya mwaka wa masomo uliokuwa unakuja. Mama alimsikia baba akinisomea.

"Nenda," akasema.

"Siendi mama."

"Basi nikiondoka mimi, uende. Usikae hapa unalitazama kaburi. Kaburi halihitaji kuuguzwa."

Alifariki asubuhi, jua limeshachomoza, nikiwa namnywesha uji. Alimeza kijiko kimoja, cha pili kikabaki mdomoni. Nilidhani anakisikilizia ladha. Nilingoja, kijiko mkononi. Baba ndiye aliyenishika bega.

Siku ya maziko udongo ulikuwa umelowa. Magongo yalizama, nikashindwa kusogea karibu. Wanawake walinibeba, wawili, mmoja kila upande, wakanifikisha ukingoni nikatupa udongo wangu. Nilimtazama Jaseline, akiwa amevaa kitenge cheusi, analia waziwazi kama aliyezaliwa naye.

Baada ya hapo nilipotea. Nasema ukweli. Nililala, sikuoga, nikachukia magongo, nikachukia kila mtu mwenye miguu miwili. Nilikuwa nafikiri, wamenikata mguu nipone, nimepona ili nione hili? Baba hakunihubiria. Aliniletea chakula, akakikuta vilevile, akakiondoa. Akaniletea tena. Jaseline ndiye aliyenikaripia.

"Ninapokuja hapa nakuta unakufa," akaniambia. "Mimi nimeshazika mama. Sina nguvu ya kukuzika na wewe. Amka nikuogeshe."

Akaniogesha. Kuanzia siku ile nikaanza kuamka, si kwa furaha, naamka tu.

Nilikwenda Moshi nikapimwa mguu wa bandia. Ulinichubua mpaka damu, kigutu kikatoa malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Nilirudi chuoni nikiuvuta. Mkuu wa idara alinipokea getini mwenyewe. Yule mzee mkali alichukua begi langu akalibeba, hakusema lolote juu ya mbio, na darasa langu akalihamishia vyumba vya chini. Siku ya kwanza kufundisha wanafunzi walisimama wote nilipoingia. Nikasahau nilichotaka kusema. Nikaandika ubaoni "Fukusi wa migomba," nikaanzia hapo.

Utafiti wangu ulikuwa umeharibika. Vibanja vingi wenyewe walikuwa wameshang'oa ile migomba. Ilibidi nirudi Ihanda na Nyabiyonza kuanza upya. Fundi wa Omurushaka akaniondolea breki ya mguuni akaihamishia kwenye usukani, upande wa kushoto, akatengeneza na kamba ya kushikilia mguu wa bandia usitoke kwenye kikanyagio. Nikapanda kwa mara ya kwanza. Nilipiga kiki kwa mguu usio wangu, ikakataa, nikapiga tena, ikawaka. Nikaenda taratibu kwenye tambarare ya Ihanda, gia ya pili, kama bibi kizee. Machozi yaliingia kwenye helmeti, sikuweza kuyafuta.

Nilimaliza tasnifu. Nikaendelea na masomo mpaka juu. Lakini mbio sikurudi. Watu hutaka niwaambie kwamba nilirudi nikashinda, wapige makofi. Sikurudi. Jaseline aliendelea kwa muda, kisha akahamishiwa kikazi mbali, na mbio za wanawake zikafa polepole, tairi zikaisha, miradi ikafungwa. Mpaka leo nikisikia injini ikipanda mlima, mguu usiokuwepo unatafuta breki. Huzuni hiyo haijanitoka, na nimeacha kuifukuza. Nakaa nayo, kazi zinaendelea.

Namshukuru Mungu kwa uhai huu. Namshukuru daktari aliyenikata, kwa sababu alingoja mpaka nikubali. Nawashukuru wale wanaume wa engozi, ambao majina yao sikuyajua. Namshukuru Jaseline, aliyegeuza pikipiki. Namshukuru baba kwa kunipikia nisichokila na kesho yake akapika tena.

Ninyi mliokatwa, nawaambia hivi: vidole vikiwasha, omba ukunwe, wala usione ni wazimu. Chuki itakuja, itakaa, kisha siku moja utasikia njaa, na hapo ndipo utajua unarudi. Kazi yako usiiage upesi. Iambie ingoje, na kama haingoji, utaanza nyingine.

Na jambo la mwisho, hili ndilo lililonileta. Ninyi mliolala juu ya vitanda, mnaye mtu chini ya kitanda. Mama, mke, dada, binti. Anaamka kabla yenu, anakula mlichobakiza, na daktari akipita anasimama kando kumpisha. Hakuna anayempima joto. Leo akikuletea uji, mshike mkono kabla hajaondoka, umwulize, "Na wewe, unaumwa wapi?"

Atakwambia haumwi popote. Mwulize tena.